Nyama ya Kuchoma ya Kikorea: Ya Kujua Kabla ya Kuketi Mezani

Kwa lugha ya sheria, kila anunuaye bidhaa au huduma huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni bati la kuezekea au muda wa maongezi wa simu. Makala haya yanamhusu mlaji kwa maana halisi ya neno: mtu aliyeketi mezani, mbele yake pana wavu wa moto na sahani ya nyama mbichi, naye hajui aanzie wapi wala bili itakayoletwa itafika kiasi gani.

Migahawa ya Kikorea ipo sasa Dar es Salaam na Nairobi. Aidha, wapo wenzetu wanaokutana na chakula hicho kwao chenyewe: vijana wanaosoma katika vyuo vikuu vya Korea kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, watumishi wa umma wanaopelekwa mafunzoni, na wafanyabiashara wanaofuata vipuri na vipodozi Seoul. Kwa wote hao mlo wa kwanza una mambo matatu yanayoweza kuharibika, nayo ni bei, imani na usalama. Ladha hatuigusi sana, kwa kuwa ladha ni ya mwenye ulimi.

Kuhusu chakula chenyewe, Wakorea huchoma nyama iliyokatwa vipande vyembamba juu ya wavu au kikaango kilichowekwa katikati ya meza ya wateja, na wateja wenyewe ndio wachomaji, ingawa katika migahawa mingi mhudumu husaidia. Bulgogi, jina lililoenea kuliko mengine, limeundwa kwa maneno mawili, moto na nyama. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana na kulowekwa katika mchuzi wa soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na mara nyingi peasi iliyosagwa ili kuilainisha. Galbi ni mbavu. Samgyeopsal ni nyama ya tumbo la nguruwe, yenye tabaka za mnofu na mafuta zinazoonekana waziwazi, na jina lake lina maana ya nyama ya tabaka tatu. Majina haya tunayaandika kama yanavyoandikwa kwenye menyu, ili msomaji ayatambue atakapoyaona.

Pamoja na nyama huletwa visahani vidogo vingi, ambavyo kwa pamoja huitwa banchan: kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili; figili; mchicha uliochemshwa na kutiwa ufuta; chipukizi za soya. Huletwa pia majani mabichi ya letusi, na wakati mwingine majani ya perila yenye harufu kali kama ya mrehani. Mlaji huchukua jani, huweka kipande cha nyama, kipande cha kitunguu saumu na kitone cha ssamjang, ambao ni mseto mzito wa soya iliyochachushwa na pilipili, kisha hufunga na kutia kinywani kwa mara moja. Kuuma nusu na kurudisha nusu sahani ni kazi ngumu, maana vyote humwagika. Tonge la ugali limekwisha kutufundisha kukadiria ukubwa wa kinywa, kwa hiyo hapa hatudhani msomaji atahitaji msaada.

Gramu, si kilo

Mtanzania au Mkenya aliyezoea nyama choma anajua njia yake. Anasimama mbele ya bucha, anaonyesha mguu au mbavu, nyama inapimwa mbele ya macho yake, bei ya kilo imeandikwa ubaoni, na mwishowe nyama hiyohiyo inaletwa kwenye ubao ikiwa imekatwakatwa, na chumvi na kachumbari pembeni. Anaweza kulalamika kwamba kilo imenywea motoni, lakini alichonunua amekiona.

Katika mgahawa wa Kikorea nyama huuzwa kwa sehemu ya mtu mmoja. Sehemu hiyo haina uzito mmoja duniani kote: katika mgahawa mmoja ni gramu 150, katika mwingine 180 au 200, na nyama ya ng'ombe ya bei kubwa huweza kushuka chini zaidi ya hapo. Uzito huo ni wa nyama mbichi. Nyama ichomwapo hupoteza takribani robo ya uzito wake kwa maji na mafuta yanayotoka, na tumbo la nguruwe, kwa wingi wa mafuta yake, halizuiliwi na kadirio hilo. Kama ni mbavu zenye mfupa, uliza iwapo mfupa umo katika uzito ulioandikwa.

Hivyo jambo la kwanza tunalomshauri msomaji ni kutafuta idadi ya gramu kwenye menyu, na ikiwa haimo, kuiuliza kabla ya kuagiza. Jambo la pili ni kugeuza bei kuwa ya kilo, kipimo ambacho akili zetu zimekizoea. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgahawa wa kwanza unauza sehemu ya gramu 150 kwa shilingi 30,000. Wa pili unauza sehemu ya gramu 200 kwa shilingi 36,000. Kwa kutazama menyu peke yake, wa kwanza ni nafuu. Ukipiga hesabu, wa kwanza anauza kilo kwa shilingi 200,000 na wa pili kwa shilingi 180,000. Menyu isiyo na gramu haimwezeshi mlaji kufanya hesabu hiyo, na kwa maoni yetu mgahawa unaokataa kutaja uzito hata unapoulizwa kwa adabu haustahili kuagizwa nyama.

Liko sharti jingine ambalo huwashtua wengi. Migahawa mingi haikubali kuwasha moto kwa sehemu moja. Oda ya kwanza huanzia sehemu 2, na pengine sharti hilo huwekwa kwa kila aina ya nyama. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa makaa, wavu na visahani vyote vya pembeni huletwa mezani, mteja awe mmoja au wanne. Lakini sharti linaloeleweka ni lile lililotajwa mapema. Aendaye peke yake aulize mlangoni. Vyema zaidi ni kwenda watu watatu au wanne, kwani chakula hiki kilibuniwa kuliwa na kundi.

Ipo pia migahawa inayotoza bei moja kwa mtu, ule kiasi upendacho. Humo bei si mahali pa kuwa na wasiwasi. Masharti ndiyo ya kusomwa. Mara nyingi kuna kikomo cha muda, kwa mfano dakika 90 au 120. Kuna aina za nyama zisizohesabiwa katika bei hiyo. Na karibu kila mahali kuna faini kwa nyama iliyoagizwa ikaachwa. Mzazi mwenye watoto aulize bei ya mtoto inaishia umri gani, na aagize kidogo kidogo.

Mbavu za nani?

Sehemu hii tunaiandika kwa urefu kwa sababu kosa lake halirekebishwi kwa kurudishiwa fedha. Miongoni mwa wasomaji wetu wapo Waislamu, wapo Wasabato, na wapo wengine wengi wasiokula nguruwe kwa sababu zao wenyewe. Nyama ya nguruwe ni nguzo ya uchomaji wa Kikorea, na samgyeopsal inapendwa sana huko, kama vile kitimoto kinavyopendwa katika baadhi ya vitongoji vyetu.

Samgyeopsal yenyewe haina hatari kubwa, kwa maana ukishalijua jina hilo utaliepuka. Hatari imo katika jina galbi. Mtu aliyefundishwa kwamba galbi ni mbavu za ng'ombe atafikiri yuko salama, kumbe neno hilo lina maana ya mbavu tu. Mbavu za ng'ombe huitwa so galbi na za nguruwe huitwa dwaeji galbi, na zote mbili hulowekwa katika mchuzi wa rangi ile ile ya kahawia, hata jicho lisilozoea haliwezi kuzitofautisha zikiwa sahanini. Kwa kawaida za nguruwe huwa nafuu zaidi, na bei hiyo ndiyo inayomvuta mgeni. Basi maneno manne yafaayo kukaririwa ni haya: so ni ng'ombe, dwaeji ni nguruwe, dak ni kuku, ori ni bata. Tteokgalbi, nyama iliyosagwa na kufinyangwa, huweza kuwa ya ng'ombe au mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Hiyo lazima iulizwe.

Nguruwe huingia pia kwa milango ya pembeni. Mchuzi wa kimchi unaoletwa ukichemka ndani ya chungu mara nyingi hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na vitumbua vya nyama viitwavyo mandu mara nyingi hujazwa nyama hiyo hiyo. Mchuzi wa kulowekea nyama huweza kutiwa divai ya mchele au pombe nyingine ya kupikia. Tena, hata pale ambapo nyama uliyoagiza ni ya ng'ombe, wavu, koleo na mkasi vinaweza kuwa vimetoka meza ya jirani aliyekula nguruwe. Iwapo hilo linaharamisha chakula au la, si letu kulihukumu; waulizwe wenye elimu ya dini. Letu ni kusema kwamba mteja ana haki ya kuuliza na kupewa jibu la kweli.

Swali zuri ni lile lisilotosheka na ndiyo au hapana. Badala ya kuuliza "Je, hapa ni halali?", uliza: nyama hii inanunuliwa wapi; mchuzi wake una pombe; je, mnazo nyavu na koleo zisizogusa nguruwe; na mkisema mna cheti cha halali, kimetolewa na taasisi gani na muda wake unaisha lini. Cheti halisi huwa na tarehe na jina la mahali. Bango lenye neno la Kiarabu lililonunuliwa dukani si cheti. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha wateja, na mgahawa unaotangaza kwamba hautumii nguruwe huku ukiitumia jikoni umepotosha.

Wenye mzio nao wana njia nyembamba ya kupita. Soya imo karibu katika kila mchuzi, ngano imo katika mchuzi wa soya wa kawaida, na ufuta umenyunyizwa kila mahali. Kimchi, ijapokuwa huonekana kuwa mboga tupu, kwa kawaida hutiwa uduvi uliokolezwa chumvi au mchuzi wa samaki waliochachushwa, jambo linalomhusu mwenye mzio wa vyakula vya baharini na pia asiyekula kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Tambi baridi ziitwazo naengmyeon, zinazoliwa baada ya nyama, hutengenezwa kwa unga wa mbegu za soba, na wapo watu ambao mzio wao kwa mbegu hizo ni mkali sana. Mwenye mzio aandike jina la kitu hicho kwenye karatasi na kumpa mhudumu aipeleke jikoni. Kelele za mgahawa uliojaa hazifai kwa maelezo ya mdomo.

Moto mezani

Kuna migahawa ya makaa, ya gesi na ya umeme. Makaa huipa nyama harufu ambayo wapenzi wake hawakubali kubadilishiwa, nasi tunaielewa hoja yao, lakini makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Juu ya kila meza ya makaa panapaswa kuwa na bomba la kufyonza moshi, nalo liwe linafanya kazi. Kuligundua ni rahisi: tazama iwapo moshi unapanda moja kwa moja ndani ya bomba au unatambaa kuelekea nyuso za watu. Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, na hasa kama wenzako mezani wanasema hivyo hivyo, toka nje mara moja upate hewa safi. Usisubiri bili, na usidhani ni pilipili.

Penye jiko dogo la kopo la gesi, hatari ni nyingine. Kikaango kikubwa kuliko jiko, kinachofunika mpaka juu ya sehemu ya kopo, hurudisha joto chini, na kopo lililopata joto kupita kiasi hulipuka. Likitokea hilo mezani, omba kikaango kidogo. Onyo hili lawahusu pia wanaonunua majiko hayo kwa matumizi ya nyumbani na kufunika wavu kwa karatasi ya bati ili wasiuoshe.

Watoto wakae upande usio na njia ya mhudumu abebaye makaa. Wavu haubadiliki rangi unapokuwa wa moto.

Tukiacha moto wenyewe, ugonjwa huanzia kwenye koleo. Koleo iliyoshika nyama mbichi ikitumika kupakua iliyoiva, vijidudu vilivyokufa motoni hurudishwa sahanini vikiwa hai. Omba koleo ya pili. Ni ombi la kawaida na hakuna mgahawa unaojiheshimu utakaolikataa. Vijiti vyako vya kulia visiguse nyama mbichi kabisa. Sahani iliyoletewa nyama mbichi isipokelee iliyoiva.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie nyuzi joto 70 za Selsiasi hadi ndani. Mezani hakuna kipimajoto, kwa hiyo tegemea macho: kipande chembamba cha ng'ombe huiva ndani ya dakika moja au mbili, lakini kipande kinene cha nguruwe lazima kikatwe kwa mkasi kikaangaliwe kati, kisiwe na uwekundu, na maji yake yatoke meupe. Msimamo wetu kuhusu nguruwe ni mkali kwa sababu tegu wa nguruwe bado yumo katika baadhi ya mikoa yetu, na mabuu yake yakiingia ubongoni yanaweza kuleta kifafa. Kuku naye aive kabisa. Iko pia sahani iitwayo yukhoe, nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa kama nyuzi na kuwekewa kiini kibichi cha yai. Kuna wanaoisifu sana. Mjamzito, mtoto, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiile, na wengine waile tu mahali ambapo wana hakika na mnyororo wa ubaridi tangu machinjioni, hakika ambayo kwa mazingira yetu ni wachache wanayo.

Majani mabichi yanahitaji swali moja: yameoshwa kwa maji gani? Kipindi cha kipindupindu, acha majani na ufunge nyama kwa wali.

Kwa upande wa uchomaji, anza na nyama isiyolowekwa, kisha iliyolowekwa. Mchuzi wenye sukari huungua upesi na kuganda kwenye wavu, na kila kinachofuata huchukua uchungu wake. Wavu ukishakuwa mweusi omba mwingine. Usijaze nyama yote kwa pamoja kama afanyavyo mwenye njaa. Nyama nyembamba haingoji mazungumzo.

Visahani, kinywaji na bili

Nchini Korea visahani vya pembeni ni sehemu ya mlo, havitozwi, na vikiisha huongezwa bila malipo. Desturi hiyo haisafiri kikamilifu. Baadhi ya migahawa nje ya Korea hutoa visahani vya kwanza bure na kutoza vya kuongeza, na aliyesoma mtandaoni kwamba kila kitu huongezwa bure anaweza kuagiza kimchi mara tatu na kuikuta kwenye ankara mara mbili. Wali nao katika migahawa mingi haumo katika bei ya nyama. Kwa sisi ambao mlo bila wanga ni kionjo tu, gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, pamoja na tambi au mchuzi wa chungu wa kumalizia.

Soju, kinywaji cha chupa ndogo ya kijani, kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 16 hadi 20, yaani mara tatu au nne ya bia. Zile zenye ladha ya matunda hupungua kidogo, lakini utamu wake hudanganya ulimi. Chupa ina mililita 360, na desturi ya kujaziana vikombe humfanya mnywaji asijue amefikia wapi. Dereva asiguse.

Kabla ya kuagiza, uliza kama bei za menyu zimejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani na gharama ya huduma. Swali hili si dogo. Chakula cha shilingi 120,000, kikiongezewa kodi ya asilimia 18 inayotumika kwa kawaida Tanzania Bara, huwa shilingi 141,600. Ikiongezwa na huduma ya asilimia 10, hufika angalau shilingi 153,600. Familia iliyopanga matumizi yake kwa kutazama menyu itapungukiwa zaidi ya shilingi 33,000 mlangoni. Tena, kodi hii hutozwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa ajili yake tu. Asiyesajiliwa hana haki ya kuiongeza kwenye bili. Dai risiti ya mashine ya kodi, kwani mnunuzi naye ana wajibu wa kisheria kuidai, na bila risiti malalamiko yoyote ya baadaye hukosa mguu wa kusimamia. Msafiri wa Nairobi ajue kwamba huko kodi hiyo ni asilimia 16, na kwamba bili za migahawa huweza pia kuonyesha tozo ya utalii ya asilimia 2.

Ukiwa Korea yenyewe

Mgeni aliyeko Seoul ana ulinzi ambao hapa kwetu bado tunautamani. Tangu Januari 2013 migahawa ya huko inatakiwa kuonyesha bei ya mwisho, kodi na huduma zikiwa ndani, na bei ya nyama kwa kila gramu 100. Mgahawa unatakiwa pia kutaja nchi ilikotoka nyama ya ng'ombe, nguruwe na kuku, na hata mchele na kimchi. Tafuta bango hilo ukutani. Ng'ombe wa asili wa Korea, aitwaye hanwoo, ni ghali sana, na nyama yake hupangwa kwa daraja kuanzia 1++ kushuka hadi 3. Daraja hilo hutegemea zaidi michirizi ya mafuta ndani ya mnofu. Kwa mtu aliyekulia nyama ya ng'ombe wa malisho, daraja la juu kabisa huweza kuonekana kuwa na mafuta mno, na hakuna aibu kuchagua la chini na kubaki na fedha.

Anayetaka mfumo unaofanana na bucha yetu aende kwenye migahawa iliyounganishwa na bucha, au soko la nyama la Majang mjini Seoul. Humo mnunuzi huchagua nyama kwa wachuuzi, huilipia kwa uzito, kisha huipeleka kwenye mgahawa wa karibu unaotoza kila mtu ada ya meza, moto na visahani. Malipo ni mawili, na yote mawili yaulizwe kabla.

Bahashishi haitolewi. Kengele ya kumwita mhudumu mara nyingi imo mezani, vijiko na vijiti huweza kuwa ndani ya droo chini ya meza, na malipo hufanyika kaunta unapotoka. Mkubwa kwa umri ndiye aanzaye kula, na kinywaji hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Aliyelelewa pwani au bara hatahitaji kukumbushwa mara ya pili. Waislamu watapata migahawa ya halali kwa wingi zaidi katika mtaa wa Itaewon, jirani na Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, na Shirikisho la Waislamu wa Korea ni mmoja wa watoaji wa vyeti. Mwenye shida na bili au huduma anaweza kupiga 1330, simu ya msaada kwa wasafiri inayojibiwa kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, au 1372, kituo cha ushauri kwa walaji.

Kwa malalamiko ya hapa nchini, zungumza kwanza na msimamizi wa mgahawa ukiwa bado mezani, kwa kuwa nyama iliyopungua uzito au wavu usiobadilishwa haviwezi kuthibitishwa kesho yake. Piga picha ya menyu ikionyesha bei na gramu, piga picha ya bili, na uhifadhi risiti. Jambo linalohusu upotoshaji wa bei au maelezo hupelekwa Tume ya Ushindani. La mizani hupelekwa Wakala wa Vipimo. La usalama wa chakula hupelekwa Shirika la Viwango au kwa afisa afya wa halmashauri. Aliyeugua baada ya kula aende kituo cha afya kwanza, aeleze alikula nini na saa ngapi, na aombe maelezo hayo yaandikwe kwenye cheti chake.